Goti si Jiwe la Kusagia

Mtu akitoka hospitali na picha ya eksirei mkononi, na jamaa zake wakamuuliza amekutwa na nini, mara nyingi hujibu kwa ufupi kwamba goti limesagika; ugonjwa wenyewe huitwa osteoathritisi. Wengine husema ute umekauka, kana kwamba goti ni bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Si vigumu kuona kwa nini lugha hiyo imeenea, kwa sababu inaeleweka papo hapo na inalingana na mkwaruzo anaousikia mgonjwa anapopanda ngazi. Tatizo ni kwamba neno kusagika limebeba nadharia nzima ndani yake. Kinachosagika husagika kwa kutumika. Kwa hiyo anayelikubali neno hilo hukubali pia, bila kujua, kwamba mkimbiaji anayamaliza magoti yake kilomita kwa kilomita, kwamba mtu wa miaka 60 akae kitini alinde kilichobaki, na kwamba maumivu ni ishara ya kuacha kutembea.

Lipo neno jingine linalopotosha kwa upande wa pili, nalo ni kuteguka. Kijana anaanguka uwanjani bila kuguswa na mtu, goti linajaa, wenzake wanasema ameteguka, anachuliwa kwa maji ya moto na dawa ya kupaka, na baada ya majuma matatu yumo tena kikosini. Kusagika hutisha kupita kiasi na kuteguka hutuliza kupita kiasi, ilhali maneno haya mawili huelezea, mara nyingi sana, goti lilelile katika miaka tofauti: la kwanza linatamkwa mtu akiwa na miaka 45, la pili lilitamkwa alipokuwa na miaka 22.

Ili kuona uhusiano huo, hatuna budi kuingia ndani ya goti lenyewe. Fupa la paja linakutana hapo na muundi, na mbele yake iko pia ya goti, ambayo kamusi huiita kilegesambwa. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe lenye unene wa milimita chache tu na utelezi ambao mafundi wa mashine wameshindwa kuuiga. Kati ya mfupa na mfupa kuna visahani viwili vya gegedu la aina nyingine, lenye nyuzinyuzi na ugumu zaidi, kila kimoja kikiwa na umbo la hilali. Hivi huitwa meniski, na kazi yake kubwa ni kuutawanya uzito wa mwili usiangukie sehemu moja. Mifupa imeshikiliwa na ligamenti, ambazo huunga mfupa na mfupa, wakati kano huunga msuli na mfupa. Ligamenti mbili hupishana katikati ya goti kama msalaba, na ile ya mbele, ambayo vyeti vya hospitali huiandika kwa herufi ACL, ndiyo huuzuia muundi usichomoke mbele na usizunguke kupita kiasi mchezaji anapogeuka.

Sasa tuliangalie gegedu, kwa maana hapa ndipo picha ya mawe ya kusagia inapovunjika. Gegedu halina mishipa ya damu. Sehemu kubwa ya uzito wake, kati ya asilimia 65 na 80, ni maji, na chakula chake hulifikia kupitia ute uliomo ndani ya kiungo. Unapokanyaga, gegedu hubinywa na maji hutoka. Unapoinua mguu, hunywa tena ute pamoja na virutubishi vilivyomo, kama sifongo inavyofanya ndani ya beseni. Goti lisilotembea, kwa hiyo, ni goti lenye njaa, na ndiyo maana mguu uliofungwa plasta kwa majuma mengi hupoteza si misuli peke yake bali na sehemu ya unene wa gegedu. Jiwe la kusagia halilishwi na nafaka linayoisaga.

Gegedu halina mishipa ya fahamu pia, maana yake ni kwamba lenyewe haliumi. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa ndani ya kiungo, kwenye mfuko unaokizunguka na kwenye misuli iliyochoka. Jambo hili linaeleza fumbo linalowasumbua wagonjwa wengi: mtu mmoja ana picha mbaya ya eksirei na anatembea hadi sokoni bila taabu, mwingine picha yake ni nzuri na usiku hapati usingizi. Picha huonyesha mifupa na nafasi iliyo kati yake; haionyeshi maumivu.

Osteoathritisi, basi, ni ugonjwa wa kiungo kizima ambamo kazi ya kubomoa imeizidi kazi ya kujenga. Gegedu hupungua na kuchanika, mfupa wa chini yake huwa mnene, vinundu vya mfupa huota pembeni, na utando wa ndani huingiwa na mchochota wa taratibu, yaani ile hali ya mwili kulikabili jeraha kwa joto, uvimbe na maumivu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba goti ndilo kiungo kinachoongoza, likiwa na watu milioni 365. Isichanganywe na baridi yabisi ya kweli, ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo na mgonjwa huamka asubuhi vidole vikiwa vimekaza kwa saa nzima au zaidi, wala na jongo, ambalo huja ghafla kwa sababu ya chembechembe za asidi ya yuriki. Katika mazungumzo yetu yote matatu huitwa baridi yabisi, na hilo lingekuwa jambo dogo kama dawa zake zingekuwa zilezile.

Je, wakimbiaji wanayamaliza magoti yao? Mwaka 2017 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizohusu watu zaidi ya laki moja, wakalinganisha kiwango cha osteoathritisi ya goti na nyonga katika makundi matatu. Miongoni mwa wanaokimbia kwa ajili ya afya na burudani ilikuwa asilimia 3.5, miongoni mwa wasiokimbia kabisa ilikuwa asilimia 10.2, miongoni mwa wakimbiaji wa mashindano ya juu ilikuwa asilimia 13.3. Takwimu za namna hii zisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa mwenye maumivu huacha kukimbia na hivyo huhama kutoka kundi moja kwenda jingine, lakini hata ukilipunguza hilo, nadharia ya kusagika haina pa kusimama. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9 akiwa na miaka 37, baada ya karibu miongo miwili ya mazoezi ambayo wengi wetu tusingeyamaliza kwa wiki moja. Mtu mmoja si ushahidi, hilo nakubali, na pengine wenye magoti dhaifu waliachwa njiani kabla hatujayajua majina yao. Hata hivyo, kama kukimbia kwenyewe kungekuwa sumu, njia za vumbi za Iten, mji wa Kenya wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wengi, zingekuwa zimejaa viwete.

Kinacholiharibu goti la mwanamichezo ni kitu kingine, na aghalabu hutokea ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Takriban majeraha 7 kati ya 10 ya ACL hutokea bila mchezaji kugongwa: amesimama ghafla, amegeuka huku mguu umeng'ang'ania ardhi, au ametua kutoka kupiga kichwa goti likiwa limeingia ndani. Uchambuzi wa picha za video unaonyesha kwamba ligamenti hukatika takriban milisekunde 40 baada ya mguu kugusa ardhi, muda ambao ubongo hauwezi kufanya masahihisho yoyote. Mchezaji husikia mlio kama wa kijiti kuvunjika, na goti hujaa ndani ya saa chache.

Saa hizo ni muhimu. Goti lililojaa siku hiyohiyo, ndani ya saa mbili tatu, kwa kawaida limejaa damu, na kwa kijana mwanamichezo chanzo cha damu hiyo mara nyingi ni ACL iliyokatika. Goti linalojaa polepole hadi kesho yake huelekea zaidi kwenye jeraha la meniski au mchochota. Kulichua kwa nguvu na kulikanda kwa moto goti linalovuja damu ndani ni kuliongezea damu. Kinachosaidia siku za kwanza ni bandeji ya kubana, kuuinua mguu, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na magongo ya kutembelea, kisha daktari anayejua kulivuta goti kwa mkono na kuhisi kama linachomoka, kipimo ambacho hakihitaji umeme wala mashine. Goti lililokwama lisikunjuke, au mguu wa chini uliopoa na kufa ganzi, halingoji kesho.

Udanganyifu mkubwa huja baadaye. Baada ya mwezi uvimbe umekwisha, kijana anatembea vizuri, hata kukimbia anakimbia, kwa sababu mwendo ulionyooka hauihitaji sana ACL. Anarudi uwanjani, anageuka kumpita beki, na goti linaachia. Linaachia tena wiki inayofuata. Kila linapoachia, meniski hubanwa kati ya mifupa miwili na kuchanika zaidi, na gegedu hupigwa pahali pasipozoea kupigwa. Nikilazimika kuchagua kosa moja linalowagharimu zaidi wachezaji wa ligi zetu za mitaa, nitachagua hili la kumchezesha mtu ambaye goti lake limeshaachia mara mbili.

Ukubwa wa gharama hiyo unaonekana katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2004. Wanawake waliokuwa wameumia ACL wakicheza soka walipimwa miaka 12 baadaye, wakiwa na wastani wa umri wa miaka 31 tu, na nusu yao tayari walikuwa na osteoathritisi inayoonekana kwenye eksirei. Sababu hufuatana kwa mpangilio. Kwanza kuna mshindo wenyewe, ambao hupondaponda mfupa na gegedu pale pale ligamenti inapokatika. Kisha huja damu na mchochota, ambavyo humwaga ndani ya kiungo vimeng'enya vinavyomega gegedu kwa majuma kadhaa. Mwisho huja miaka ya kutembea kwa goti lililobadilika, huku uzito ukiangukia sehemu zisizozoea kuubeba. Meniski ikiwa nayo imechanika, hali huwa mbaya zaidi. Zamani madaktari waliing'oa meniski yote kana kwamba ni kidole tumbo, na mchezaji alirudi uwanjani baada ya majuma machache akishukuru, mpaka mwaka 1948 daktari wa Uingereza, T. J. Fairbank, alipoeleza mabadiliko aliyoyaona kwenye eksirei za magoti yaliyoondolewa meniski. Siku hizi mpasuaji hujitahidi kuishona, hasa ikichanika ukingo wa nje ambako damu hufika, na hukata kidogo iwezekanavyo pale ambapo kushona hakuwezekani.

Hapa huulizwa swali ambalo familia nyingi hujikuta zikilichangia fedha: je, upasuaji wa ACL ni lazima? Watafiti wa Sweden waliwagawa kwa kura vijana 121 wenye shughuli za michezo, nusu wakapasuliwa mapema na kufanya mazoezi ya tiba, nusu wakaanza na mazoezi peke yake na kuruhusiwa kupasuliwa baadaye kama goti lingeendelea kuachia. Matokeo ya miaka miwili yalichapishwa mwaka 2010, na ya miaka mitano yakafuata. Katika vipindi vyote viwili makundi hayakutofautiana kwa maumivu, uwezo wala hali ya maisha, na karibu nusu ya kundi la pili hawakuhitaji kisu hata baada ya miaka mitano. Haimaanishi kwamba upasuaji hauna maana, kwa kuwa mchezaji wa soka au mpira wa kikapu anayetaka kurudi kwenye kugeukageuka mara nyingi atauhitaji. Inamaanisha kwamba goti lisilopasuliwa halijahukumiwa, na kwamba ligamenti mpya, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, haijathibitika kuzuia osteoathritisi ya baadaye.

Kazi kubwa iko katika mazoezi ya tiba, na huanza na jambo ambalo wagonjwa hulishangaa. Goti likijaa maji, hata kiasi kidogo, uti wa mgongo huupunguzia amri msuli wa mbele ya paja. Msuli haujaumia, umezimwa. Mtu hujitahidi kuubana na haubanwi, na ndani ya majuma mawili paja limenywea kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa hiyo malengo ya mwanzo ni ya unyenyekevu kabisa: uvimbe utoke, goti linyooke hadi mwisho, msuli uamke. Goti lisilonyooka kikamilifu katika miezi ya mwanzo litachechemea miaka mingi.

Kisha kuna mtego wa wakati. Kipande cha kano kilichopandikizwa hufa kwa sehemu kabla ya mwili kukipenyezea damu na kukigeuza kuwa ligamenti, na huwa dhaifu zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi. Katika wiki hizohizo maumivu yamekwisha na mchezaji anajisikia mzima. Hisia zake na hali ya goti lake zimeachana njia, na kocha mwenye mechi ya nusu fainali hayuko katika nafasi nzuri ya kuwasuluhisha.

Mfano unaojulikana zaidi wa mtego wa kurudi ni wa Ronaldo wa Brazil, ingawa yeye hakuumia ligamenti bali kano inayounga pia ya goti na muundi. Kano hiyo ilichanika Novemba 1999 akiichezea Inter dhidi ya Lecce, akapasuliwa Paris, na tarehe 12 Aprili 2000 akarudi katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Alicheza kama dakika saba. Akiwa na mpira, akijiandaa kumpita beki, alianguka bila kuguswa, na safari hii kano ilikuwa imekatika kabisa. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba miezi mitano kasoro ndiyo iliyomwangusha. Kinachojulikana ni kwamba safari ya pili alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja, akarudi polepole, na mwaka 2002 akafunga mabao 8 kwenye Kombe la Dunia, mawili yakiwa ya fainali dhidi ya Ujerumani.

Kwa upande wa ACL, utafiti uliofanywa kwa ushirikiano wa watafiti wa Oslo, Norway, na Delaware, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulitoa hesabu ambayo kila kocha angeibandika ukutani: kila mwezi mmoja mchezaji aliochelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu. Kalenda peke yake haikutosha. Waliofaulu majaribio ya nguvu na kuruka kabla ya kurudi, asilimia 5.6 kati yao waliumia tena. Walioshindwa majaribio na wakarudi hivyohivyo, asilimia 38.2. Majaribio yenyewe hulinganisha mguu ulioumia na mzima, na kiwango kinachotakiwa ni asilimia 90. Mashine ya kupima nguvu ni ghali, ila kuruka kwa mguu mmoja kunapimwa kwa futi kamba, na kuinuka kwa mguu mmoja kunahitaji kiti tu.

Wanawake huumia ACL mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume katika michezo ileile. Arsenal ilikwenda msimu wa 2022/23 ikiwapoteza Beth Mead, Vivianne Miedema na Leah Williamson kwa jeraha hilohilo, na wote watatu wakalikosa Kombe la Dunia la 2023. Watu hukimbilia kutaja homoni na upana wa nyonga. Husahau kwamba msichana mara nyingi hupewa mpira akiwa ameshapita miaka 12, kwenye uwanja mbovu zaidi, akiwa na viatu vilivyoshonwa kwa mguu wa mvulana na bila mtu wa kumfundisha namna ya kutua. Namna ya kutua inafundishika. Nchini Sweden, wasichana zaidi ya 4,500 walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, na timu zilizotumia dakika 15 za mazoezi ya goti mara mbili kwa wiki zilipata majeraha ya ACL pungufu kwa asilimia 64. Programu ya FIFA iitwayo 11+ inafanana nayo, haina ada, haihitaji kifaa zaidi ya mpira, na inaweza kuchukua nafasi ya ile mizunguko ya uwanja ambayo timu zetu huita kupasha misuli.

Aliyekwisha kufikia osteoathritisi naye hajafika mwisho wa barabara. Dawa yenye ushahidi mkubwa kuliko zote ni mazoezi ya kuimarisha paja na nyonga, yakifanywa mara mbili au tatu kwa wiki hata kama yanauma kidogo, mradi maumivu yatulie ndani ya saa 24. Inayofuata ni uzito: utafiti uliofanywa kwa wazee wanene wenye ugonjwa huu ulionyesha kwamba kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Mchezaji aliyestaafu akaongezeka kilo 15 huku akiwa na meniski nusu anajipiga mara mbili. Diklofenaki, dawa ya maumivu, husaidia siku mbaya, lakini ikimezwa kila siku kama kahawa huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Sindano za steroidi, dawa ya kuzima mchochota, hutuliza kwa majuma kadhaa. Zilipochomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, katika utafiti wa mwaka 2017, hazikushinda sindano za maji ya chumvi yasiyo na dawa kwa kupunguza maumivu, na gegedu lilipungua zaidi. Kuhusu kulisafisha goti kwa upasuaji wa matundu madogo, mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, waliwachana baadhi ya wagonjwa ngozi tu na kuishona bila kugusa kitu ndani, na wagonjwa hao walipata nafuu sawa na waliosafishwa.

Goti la bandia hubaki kuwa mlango wa mwisho, na ni mlango mzuri kwa aliyefikia hatua yake. Dar es Salaam upasuaji huo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na hauhitaji tena safari ya kwenda India. Magoti ya bandia kama 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa mwenye miaka 68 idadi hiyo inatosha. Kwa beki wa zamani mwenye miaka 43 haitoshi, kwa sababu atalazimika kubadilishiwa tena akiwa mzee, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Ndiyo maana daktari huweza kumtazama, akaiona picha mbaya ya eksirei, na bado akamwandikia baiskeli, kiti cha kuinukia na miezi mitatu ya kulifanyia kazi paja.